Fundi Kiraka na Mashine Isiyotaka Kugandamizwa

Ni asubuhi, jua bado halina ukali, na kinachoonekana cha Fundi Kiraka ni miguu tu. Kichwa na mabega vimezama chini ya benchi la boti iliyopandishwa juu ya mawe kando ya gati. Wifi yake amemshika vifundo vya miguu asije akateleza.

"Wifi, nimekwambia unishike, si unitekenye!"

"Napima kama bado uko hai. Fanya kazi."

Kisha unasikika mlio mwembamba, kama wa nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Hiyo ndiyo mashine iliyowahangaisha: kidude cha kushika mkononi, unene wake kama gunzi la mahindi, kinachozungusha vichwa vidogo vya kukatia, kusagia na kupigia msasa.

Mama huyu wa watoto watatu aliitwa Kiraka kwa sababu hakatai kazi. Boti iliyotoboka, kitasa kilichokwama, bawaba za kabati, vigae vya bafuni, vyote vinamjia yeye. "Leo nimo ndani ya boti, kesho niko chini ya sinki la mtu," anasema. "Kote huko ni kujikunja tu."

Boti hii ni ya wifi yake, na ndiyo inayovusha wagonjwa kwenda kliniki ya ng'ambo. Daraja? Daraja lilizinduliwa kwa hotuba na utepe, zikasimamishwa nguzo, na mpaka leo wanaozitumia ni ndege. Wakubwa hawana shida, wana magari ya kuzungukia barabara ya mbali. Aliyewahi kumvusha mke mgonjwa huku akichota maji kwa kopo ndiye anayejua boti inayovuja ni kitu gani.

Hii ilianza kuvuja mwezi uliopita, pale bolti za benchi zilipoliwa na kutu na ubao ukaoza. Fundi akaiendea na grainda kubwa, ile ya kukatia vyuma. Grainda haina mzaha. Ilipotoka na bolti ya kwanza ilitoka na ubao wa jirani pia. Tundu la kidole likawa la ngumi, na bolti ya pili ikabaki palepale, imekwama kwenye kona.

"Nilitamani boti inimeze," anasema. "Wifi hakunigombeza. Alininyamazia tu, na kunyamaza kwa wifi yangu ni kubaya kuliko matusi."

"Ningesema nini?" wifi anadakia. "Mama yangu anavuka kila Jumatatu kuchomwa sindano. Wiki ile aliomba nafasi kwenye boti za watu, zikajaa, akarudi nyumbani na kadi yake mkononi. Nilikuwa namuona yeye tu."

Wakakubaliana itafutwe mashine ndogo, ya kuingia kwenye kona bila kubomoa. Fedha waliyochanga ilitosha mashine moja. Wakikosea, boti inabaki juu ya mawe na mama mkwe anakosa sindano nyingine.

Dukani kulikuwa na za aina mbili. Ya waya ina nguvu na haichoki, lakini ina mwendo mmoja tu, wa kasi. Ya betri ni nyepesi na ina kitufe cha kupunguza na kuongeza mwendo, ila betri ikiisha, kazi imesimama. Muuzaji aliisifia ya waya.

Tatizo ni kwamba umeme wa gatini unaishia ofisini kwa mkuu wa gati. Soketi imo ndani, feni inapepea kiti kitupu, mlango una kufuli. Fundi aliomba apitishiwe waya dirishani, akaambiwa angoje mwenye idhini. Mwenye idhini hajaonekana. Ndivyo ilivyo: hata mashine ya fundi inachaguliwa nusu na watu wasiojua nyundo inashikwa upande gani.

Hakutaka kununua kwa kusimuliwa. Alikwenda na kipande cha ubao wa boti kilichobaki na bolti yake ya kutu, amekifunga kwenye kitambaa.

"Mama, hapa ni duka, si karakana," muuzaji alilalamika.

"Kaka, hata viatu mtu huvaa kwanza akatembea," wifi alimjibu. "Chomeka."

Ya waya iliunguza ubao mpaka mteja mmoja akakimbia moshi. Ya betri, muuzaji aliishika mwenyewe, akaigandamiza kwenye bolti kwa nguvu zake zote. Ikaguna, ikasimama.

"Mnaona? Hii ni ya kupigia kucha msasa."

Fundi akaomba naye ajaribu. Mkono wake wa kulia umekufa ganzi nusu kwa miaka ya kutetemeshwa na grainda, na nguvu ya kugandamiza hana tena. Alikuwa akilificha hilo asije akanyimwa kazi. Akavaa miwani, akapunguza mwendo, akakigusisha kisahani cha kukatia kwenye bolti. Akainua. Akagusisha tena, kama mtu anayeonja chai ya moto. Cheche zikatoka kidogokidogo, hadi kichwa cha bolti kikaanguka mezani. Ubao ulibaki na rangi yake.

"Nilikuwa naulaani mkono huu," anasema. "Kumbe kitu hiki hakitaki mwenye nguvu, kinataka asiye na haraka."

"Haya mama, umenishinda," muuzaji alicheka.

"Bado bei," akasema wifi.

Chini ya benchi mlio unakatika. Betri imeisha. Wifi anakimbia na chaja hadi saluni ya jirani, maana ofisini kufuli bado ipo. Anaporudi kazi inaendelea: bolti inatoka, ubao mpya unaingia, gundi inapakwa.

Kesho yake alasiri gundi imekauka, na boti inasukumwa majini. Fundi amekizungushia kiraka mstari wa chaki. Ikilowa itageuka rangi, na hakuna wa kubishana nayo. Mama mkwe anapanda bila kukaribishwa, anakaa kwenye benchi lilelile.

"Mama, subiri kwanza tuone," Fundi anamwambia.

"Nimeshakaa. Ikivuja, wa kwanza kulowa ni mimi. Nitakuita."

Fundi anataka betri ya pili, ili moja ifanye kazi nyingine ikichajiwa. Na anataka soketi nje ya ofisi, ya mafundi wote wa gatini. "Betri nitainunua mwenyewe. Soketi nawaachia wao, tuone nani atatangulia."

Anageuka. Wifi yake ameinama chini ya benchi, kimya.

"Wifi, mbona umeninyamazia tena?"

"Naangalia chaki." Anaipitishia kidole. "Nyeupe. Mama, Jumatatu uamke mapema."