Shangazi alivyochomoa kampira kwenye taya la mdogo wangu, Bujumbura wakati wa vita

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya niliyaona kwa macho yangu, na chumvi pekee humu ni ile ya kuoshea kidonda.

Tulikaa Kanyosha, mama, mimi na mdogo wangu Kezia, miaka minane. Akavimba shavu. Tukadhani jino bovu. Hospitali ya mjini, picha ikaonyesha mfuko wa maji ndani ya mfupa wa taya, umelifunika jino la ukubwa ambalo halijatoka.

Docteur hakung'oa kitu. Alitoboa tundu dogo kwenye fizi, akapachika kampira kembamba, kama mrija.

"Maji yatoke polepole, mfupa utajijaza wenyewe. Tundu likiziba mapema uvimbe unarudi, hapo nitapasua taya na meno yataenda."

Kuosha nikapewa mimi. Maji ya chumvi yaliyochemshwa, bomba la sindano lisilo na sindano, kila siku, miezi. Nilikuwa darasa la sita, nikajiona docteur mzima. Msinicheke.

Risasi zikaanza mtaani. Tukakimbilia kwa shangazi, Buterere.

Asubuhi ya pili narudi na ndoo ya maji, nakuta kampira kako kwenye kisosi.

"Shangazi, nani amekatoa?"

"Ni mi. Mutoto anaoza mudomo, munaangalia tu? Kidonda kinafungwa!"

"Apana shangazi, hiki hakifungwi!"

"We docteur wa ndoo, nyamaza."

Hakuwa mbaya jamani. Kwake kidonda kuachwa wazi ni uzembe.

Nikakachemsha, nikajaribu kukarudisha. Kakagoma, Kezia analia. Barabara ya mjini imefungwa.

Siku tatu sikutulia. Naosha, nachungulia, naosha tena. Tundu linazidi kupungua, limebaki kama kichwa cha kiberiti. Shangazi alipoona shavu linaanza kujaa, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji ya kuoshea yeye mwenyewe.

Njia ilipofunguka, yeye ndiye aliyembeba Kezia mgongoni mpaka hospitali.

Docteur akachungulia. "Bado kuna njia." Akalipanua tundu, akaweka kampira kengine.

Mwaka hivi baadaye, jino likachomoza palepale. Shangazi akamfungua Kezia mdomo mbele ya majirani:

"Muone jino yangu!"

Yake, wakuu!

Nilichojifunza: maelezo ya daktari yamfikie kila anayebaki na mtoto. Mama alijua, mimi nilijua, shangazi hatukumwambia.

Udaktari bado naufukuzia. Aliyewahi kuuguza mtoto wa hivi aseme, nasoma zote.