Blanketi Mbili za Mama Wasike

Hebu mwone Nyongesa akiingia mtaa wa Munyaka, Eldoret, jioni ya Julai, mwaka wa themanini na sita, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Koti lake kuukuu la jeshi linamfikia karibu na vifundo vya miguu, na mfukoni kinachungulia kibuyu kidogo kilichokatwa mdomo. Kwa kibuyu hicho, ndugu zangu, alijulikana kuliko kwa jina lake. Mchana alipanga mbao kiwandani. Jioni, baridi ikiingia, akina mama wapikao busaa, pombe ya unga na kimea, walimwita aonje.

Busaa ya Julai si ya Januari. Baridi ya Eldoret huichelewesha kuchacha, kwa hiyo mama hukaanga unga hadi uwe kahawia, huzidisha kimea cha wimbi, kisha huufunika mtungi kando ya moto kama mtoto mgonjwa. Na kwa kuwa kazi ya pombe hiyo ni kufukuza baridi, Nyongesa aliipima kwa vitu vya kujifunika. Mbaya kabisa aliita gunia. Ya wastani, shuka. Nzuri, blanketi. Blanketi mbili alikuwa hajampa mtu tangu atoke kwao Kimilili.

"Na yangu, Mzee?" Njambi, jirani wa karibu na mfereji, alimuuliza wiki hiyo.

Nyongesa alimwaga tone chini, akanywa, akafumba macho. "Gunia."

"Gunia! Si hata unipe shuka, bwana?"

"Gunia, tena lina tundu. Ulikuwa na haraka na kimea, mama."

Watu walicheka mpaka Njambi mwenyewe akacheka.

Lile tone, sasa. Kwao Wabukusu, pombe haishuki koo la aliye hai kabla ya waliotangulia kupewa chao. Hakuna aliyemfundisha Nyongesa. Alimwona babu yake akifanya, naye akafanya. Mkono wake ulikuwa umezoea, kama mtu anayefunga mlango nyuma yake na baadaye hakumbuki kama aliufunga.

Mwaka ule ulikuwa wa tohara. Nanyama, mjane tuliyemwita Mama Wasike, alipika mtungi mmoja tu, wala si wa kuuza. Wasike wake alikuwa atahiriwe Agosti. Baba alishazikwa; mtungi ukikosekana pia, kijana angesimama mbele ya kisu kama mtu asiye na kwao. Lakini serikali ilikuwa imeshafunga vilabu vya busaa, kwa hiyo Nanyama alipika mlango ukiwa umefungwa, moshi ukimla macho.

Moshi una mdomo. Askari walikuja, wakaubeba mtungi na mwenyewe hadi kwa chifu.

"Ni uji, mkubwa," Nanyama alisema. "Uji wa wimbi. Umechacha tu."

Chifu, beji ya chama kifuani, hakuwa mnywaji. Aliinusa, akakunja uso, akasema, "Niitieni yule wa kibuyu."

Nyongesa alimkuta Nanyama amekaa kwenye nyasi zilizolowa, peku, leso ameing'ang'ania. Alimwangalia mara moja tu. Ilitosha. Nyongesa alishaamua njiani kwamba ulimi wake, ambao haujawahi kudanganya mtu kuhusu pombe, leo utadanganya.

"Nasikia wewe hukosei," chifu alisema. "Onja. Ikiwa ni uji, mama anakwenda nyumbani na uji wake. Ukinidanganya, mtalala ndani wote wawili."

Nyongesa alichota. Akainua kibuyu, na kabla hakijafika mdomoni, mkono uliinama kidogo. Tone likaanguka kwenye udongo uliofagiliwa wa chifu. Kisha akanywa.

Ilikuwa blanketi mbili. Joto lilimshuka hadi kwenye nyayo, na machozi yakamlenga. Akajikaza. "Uji," akasema. "Uji tu, mkubwa, tena umeungua."

Chifu alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo askari mmoja, Shitanda, mtu wa Kabras, majirani wa Wabukusu wenye mila hiyohiyo, alipoinama na kuligusa lile doa kwa fimbo.

"Mzee, wazee wenu siku hizi wanakunywa uji?"

Askari waliangua kicheko. Shitanda naye alicheka, kisha akaiondoa fimbo haraka, kama mtu aliyesikia alichokisema baada ya kukisema.

Nyongesa alikirudisha kibuyu mfukoni. Nanyama hakumtazama tena. Alilitazama doa likinywewa na udongo.

Mtungi ulimwagwa mtaroni. Nanyama alifungwa miezi sita. Nyongesa alitoka ndani na mbavu ambazo zingemuuma kila akikohoa. Wasike alitahiriwa, akasimama imara, hakupepesa. Ila waliokuwapo wanasema aligeuza shingo mara moja, akitafuta mtu.

Wapika pombe waliendelea kumwita Nyongesa. Alikataa. Kibuyu kilitundikwa msumarini, buibui akajenga ndani.

Nanyama alirudi kwenye jua la Januari, mwili umeisha, kifua kikimkwaruza. Siku ya pili alibisha kwa Nyongesa, mkononi ana sufuria iliyofunikwa.

"Onja, Mzee."

Nyongesa alinusa. "Huu ni uji, Mama Wasike."

"Nimeupika mimi, najua. Leta kibuyu chako."

Alikitungua, akakipangusa kwa pindo la koti lake lililochakaa. Nanyama akamimina.

"Siku ile ungejibu ndiyo," alisema taratibu. "Ungesema wazee wetu wanakunywa uji. Nani angekwenda kuwauliza?"

Nyongesa alikiinua kibuyu. Nanyama hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiutazama ule mkono.

Sasa wewe, ungekuwa Nyongesa, ungemwaga tone, au ungeunywa wote?