Picha Aliyoshindwa Kuifuta

Usiku ule Priska hakuzima taa. Alikaa jikoni kwake, juu Mbaga, sufuria ya makande imepoa pembeni, akisubiri binti yake Devotha apige simu kutoka Same aseme fundi ameona nini ndani ya kishikwambi. Mumewe Sadock alikuwa kijiji cha Bendera kwenye mashamba ya mpunga. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza mbona halali, na hilo lilimfaa, kwa kuwa jibu la kweli asingeweza kulitoa.

Fundi angezipata picha, mambo yangekwisha kimya kimya. Hilo ndilo aliloliomba. Hakuomba asamehewe, aliomba asijulikane, na alijua Mungu anayatofautisha maombi hayo mawili.

Simu ikalia.

"Shikamoo mama. Hujalala?"

"Marahaba. Nilikuwa napanga vyombo. Fundi anasemaje?"

"Nassoro anasema hazikupotea, zimefutwa." Sauti ya Devotha ilikuwa kavu. "Moja moja, mama. Mia mbili na kumi na tano. Halafu mtu akaenda mpaka kwenye pipa la taka, akalimwaga. Kazi ya kuchora miaka miwili, na Ijumaa natakiwa niitume hadithi kwa wachapishaji Dar."

"Na hazirudi?"

"Amehangaika nazo tangu mchana. Imebaki moja tu, ile ya kwanza kabisa. Ni Safia huyu ninayekaa naye. Jumatatu niliporudi kutoka huko alikiazima aangalie tamthilia. Nimemtolea godoro lake nje."

"Safia? Labda siye."

"Basi nani, mama?"

Priska alifungua mdomo. Ulikuwa wasaa wake, na aliuona ukipita.

"Lala, mwanangu," akasema. "Tutaongea."

Wiki moja kabla ya hapo Devotha alikuwa amepanda nyumbani na homa. Macho mekundu, kichwa kinamgonga, lakini hata hivyo jioni nzima aliinamia kishikwambi chake na ile kalamu isiyo na wino, akinong'ona: "Toka sasa, bibi. Toka chunguni."

Priska alisikia akiwa mlangoni. Chungu alikijua. Zamani, kabla ya dini, ukoo wao ulihifadhi mafuvu ya wazee ndani ya vyungu, chini ya mwamba, katika msitu wa ukoo unaoitwa mpungi. Bibi yake alipobatizwa hakutaka tena hata kuutazama upande ule, naye Priska alilelewa akijua kwamba kitu cha mpungi hakiingizwi katika nyumba ya Mkristo. Anayekiingiza huugua. Na huyu hapa anaugua.

Kesho yake, Devotha akiwa amelala, alikichukua kishikwambi. Neno la siri halikuwa siri kwake: ulikuwa mwaka aliozaliwa yeye Priska. Kufuta pia alijua. Devotha mwenyewe ndiye aliyemfundisha, siku simu yake ilipojaa picha za misiba na harusi za wanakwaya. Unabonyeza, unashikilia, kipipa kinatokea. Na usisahau kulimwaga pipa, mama, la sivyo bado hujafuta.

Picha zilianzia mwisho. Ya kwanza kutokea ilikuwa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, imejaa mpaka ukingoni, na msichana mwenye jembe begani amesimama anacheka. Akafuta. Maji yakapungua. Akafuta tena, yakapungua tena, mpaka ndiva ikabaki tope lililopasuka. Msichana akarudi msituni kinyumenyume. Ajuza aliyekuwa akitembea naye bega kwa bega akaketi chini, akajikunja, akazama chunguni.

Priska alikuwa anaisoma hadithi kutoka mkiani. Alipovuka mia moja alianza kuyajua maneno kabla ya kuyaona. "Maji hayaulizi ukoo," yule ajuza angesema, na kweli kwenye picha iliyofuata akasema. Msichana aliitwa Nakiete. Nakiete mlinzi wa ndiva. Ilikuwa hadithi ya Priska mwenyewe. Alimtungia Devotha jikoni hapa, wakichambua maharage, mtoto ana miaka sita, ili asahau njaa mpaka makande yaive. Hakuipokea kwa mzimu wowote. Chungu alikitia yeye kwa mdomo wake, mtoto aogope kidogo atulie. Devotha alikuwa amempa Nakiete sura, mwendo, na kovu kwenye nyusi. Mengine yote yalikuwa kama alivyoyasikia.

Hapo angeweza kuacha. Nusu ilikuwa bado ipo. Lakini mkono uliendelea, kama mtu aliyeng'oa nusu ya shamba la jirani, akagundua si magugu, akaona bora amalizie ili isionekane amekosea.

Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya mwanamke ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, pengo la jino la mbele, kitenge chenye ndege wekundu, na mtoto mbele yake amekodoa macho. Kitenge hicho kilikuwa kiunoni mwake saa ile ile. Hiyo moja kidole kilikataa. Alimwaga pipa, akarudisha kishikwambi kwenye chaji. Siku ya pili Devotha akaamka hana homa, na Priska akajikuta anataka kumshukuru Mungu.

Alfajiri, baada ya ile simu, alipanda gari la kwanza la kushuka Same. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na kila kona ilimpangua.

Chumba walichopanga Devotha na Safia kilikuwa nyuma ya soko. Safia alikuwa kibarazani, ameketi juu ya godoro lake, anakula muhogo wa kuchoma.

"Shikamoo mama. Karibu sebuleni," akasema, akilipigapiga godoro. "Upepo ni wa bure."

"Marahaba. Umelala hapa?"

"Nimelala kwa shangazi. Nimerudi kulinda godoro, mbwa wa mtaa huu hawana adabu." Akaacha kutafuna. "Mama, mimi hata kikombe siwezi kuchora. Nifute kazi ya mwenzangu ili nipate nini?"

"Najua si wewe."

"Unajuaje?"

Priska aligonga mlango. "Hodi, Devotha. Ni mimi."

"Mama? Mbona asubuhi hivi? Nakuja."

Hatua zikasogea, komeo likavutwa. Priska akakishika kitasa kwa mikono miwili, akauvutia mlango kwake usifunguke.

"Usifungue kwanza. Nikikuona uso sitasema."

"Kuna nini? Baba mzima?"

"Mzima. Devotha, picha nimefuta mimi. Ulipokuwa unaumwa. Nilikuona na chungu, nikaogopa kitakuua. Safia hajagusa kitu."

Nyuma yake Safia alikuwa ameduwaa, muhogo mkononi. Priska akakiachia kitasa. Mlango haukusogea.

"Ulizitazama?" Devotha akauliza kutoka ndani.

"Zote. Moja moja."

"Kwa hiyo uliona ni ya kwetu. Ile ya jikoni."

"Niliona, nikiwa katikati."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Na jana kwenye simu nikakutajia Safia."

"Ukanitajia. Nikakwambia ulale."

Bodaboda ikapita njiani. Priska alikuwa na maneno mengine, kwamba hadithi bado iko kichwani mwake, kwamba anaweza kuketi hata leo aihadithie upya toka mwanzo, naye achore. Aliyaona hayana uso wa kutokea, akayameza.

Mlango ukafunguka. Devotha alitoka, macho yamevimba, akampita mama yake bila kumgusa, akainama.

"Safia, shika huko," akasema. "Nisamehe."

"Tutasemezana ndani. Unavuta upande, inua."

Wakalibeba godoro, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaliingiza kwa ubavu. Priska akasogea ukutani kuwapisha. Safia, aliyekuwa nyuma, aligeuka akamtazama, kisha akamtazama Devotha kama anayeuliza iwapo mama aingie. Devotha akatikisa kichwa.

Mlango ukafungwa, bila kubamizwa, na komeo likarudishwa. Priska alibaki kibarazani, vidole vyake bado vimekunjika kama vimeshika kitasa.