Fundi Lenzi na viegemeo 212

Saa mbili asubuhi, Fundi Lenzi anatundika mfuko wa mchanga wa kilo saba kwenye kiegemeo cha kamera, kisha anaketi na kuutazama. Hagusi kitu. Saa nzima ikipita bila skrubu kulegea, anakifuta na kukiweka kwenye boksi.

"Huyu naye amefaulu mtihani," anasema. "Mimi ndiye niliyefeli."

Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza kamera katika chumba hiki chenye dirisha moja. Wateja wake wakubwa ni wapiga video wa harusi, na wengi huingia wakisugua mabega. Kwa ajili yao alibuni kiegemeo cha alumini kinachokaa begani na kubeba uzito wa kamera.

Mtaji hakuwa nao. Shemeji yake akamwonyesha ukurasa wa mtandaoni ambako watu huchangia kifaa kabla hakijatengenezwa, kisha hupelekewa kikiwa tayari. Fundi alitarajia watu hamsini. Wakaja 212.

Bei aliipanga jioni moja, mezani kwake: elfu sitini. Vifaa elfu arobaini na moja, makato ya ukurasa elfu sita, usafirishaji elfu tisa, mito na gundi elfu nne. Mkewe, fundi cherehani anayeshona mito ya begani, aliusoma mchanganuo huo mara mbili.

"Nilimwambia, baba, umehesabu mpaka gundi, ila mimi na wewe hatumo," anasimulia mama huyo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Akanijibu, tukipandisha watakimbia."

Miezi miwili baadaye alumini ilipanda. Gharama ya kila kiegemeo ikafika elfu sitini na saba, na fedha za watu zilikuwa zimeshapokelewa. Kila alichokikamilisha kilimtia hasara ya elfu saba.

"Maji yalinifika shingoni. Nikatafuta pa kubana, nikabana mahali pabaya."

Alibana kwenye skrubu. Alinunua za bei ya chini, akaokoa elfu tatu kwa kila kimoja, akatuma viegemeo tisini. Hakuvijaribu kwa uzito.

Kimojawapo kilikwenda kwa mama mmoja mpiga video, mwenye watoto wawili, mtu wa kwanza kabisa kuchangia. Bibi harusi alipokuwa akiingia ukumbini, skrubu ilikatika. Kamera ikaanguka sakafuni, lenzi ikapasuka.

Siku iliyofuata mama huyo aliileta kamera dukani ikiwa imefungwa kwenye kanga. Hakugomba. Fundi anayakumbuka maneno yake yote: "Fundi, nilikuamini kabla hata hujakitengeneza."

"Angenitukana ningepumua," anasema.

Wiki hiyohiyo aliwaandikia wote tisini waache kuvitumia, akawatumia skrubu imara kwa gharama yake. Kamera ya mama yule aliitengeneza mwenyewe, na ili amnunulie lenzi nyingine akauza mashine yake ya kutobolea vyuma. Lenzi ilipopatikana, msimu wa harusi ulikuwa umeisha, na kazi nne alizokuwa ameahidiwa mama yule zimechukuliwa na wengine.

Tangu hapo hajakanyaga dukani.

Sasa Fundi hukodi mashine kwenye karakana ya jirani, saa chache kwa wiki. Ndiyo maana hawezi kumaliza zaidi ya viegemeo vitatu kila wiki. Amebakiza arobaini na kimoja. Baadhi ya wachangiaji humwandikia kwa upole. Mmoja humwita tapeli kila Jumatatu.

"Namjibu kila Jumatatu," anasema. "Namwambia nimefikia cha ngapi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja nizeeke."

Akimaliza deni la viegemeo, anakusudia kuendelea kuvitengeneza, kimoja kimoja, kwa anayekuja akakiona na kukishika. Bei mpya ameipanga mkewe: elfu themanini na tano. Wateja wawili wameshaisikia na kuondoka. Wa tatu amelipa.

Kabla ya hapo ana safari moja. Ametengeneza kiegemeo kingine kwa ajili ya mpiga video yule, akakipima siku tatu mfululizo. Amempigia simu mara mbili, haikupokelewa. Jumamosi atakipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwake.

"Akikikataa nitamwelewa," anasema, akiinuka kuuteremsha mfuko wa mchanga. "Ila nataka akikatae akiwa amekishika mkononi."