Sauti na Chama cha Tulioambiwa Njoo Kesho

Mimi ni mpika chai wa ofisi inayosajili vyama vya siasa, na nasema wazi: mdomo wangu hauna breki. Kitu kikichekesha nacheka, awe amekaa mkuu wa ofisi au mkuu wa dunia. Ndiyo maana mpaka leo namstaajabia yule mama tuliyemwita Sauti.

Kazi yake ilikuwa kupokea fomu dirishani na kusoma majina. Sheria inataka jina la chama kipya lisomwe ukumbini mbele ya watu mara tatu, mwenye pingamizi asimame. Sauti aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na minane. Na usidhani watu huleta majina ya maana tupu! Nimemsikia akisoma Umoja wa Wenye Viatu Vilivyotoboka. Nimemsikia akisoma Chama cha Usingizi wa Mchana, Harakati ya Wanaume Wanaopika, na Muungano wa Tulioshindwa Mwaka Juzi. Mimi huko nyuma nimejiziba mdomo kwa aproni, machozi yananitoka. Yeye mkavu, anatamka neno kwa neno, hamezi hata silabi moja.

Siku moja uzalendo ukanishinda, nikamuuliza, "Dada, wewe huna mbavu?"

"Ninazo, mdogo wangu. Lakini aliyeleta jina hakuja kuchekesha. Amelala nalo miaka. Ukilicheka, umemcheka mtoto wake mbele yake."

Nikanyamaza. Na mimi kunyamaza si jambo dogo.

Basi akatokea mzee mmoja, fundi mwashi aliyestaafu, vidole vimepasuka kwa saruji. Fomu yake ilipopokelewa hatimaye, tukaliona jina: Chama cha Tulioambiwa Njoo Kesho. Lo! Ofisi nzima tulivunjika mbavu, mtu wa masjala akalala juu ya mafaili. Mkuu wa ofisi peke yake hakucheka. Alisema jina hilo linaiaibisha serikali, akafukua kifungu: jina la chama lazima lieleze ukweli kuhusu wanachama wake.

"Siku ya kusoma nitamtaka athibitishe," alisema. "Akishindwa, nalifuta."

Likifutwa, mzee anaanza upya na jina jingine na sahihi nyingine mia mbili. Na zile mia mbili alizipata kwenye mabenchi ya ofisi mbalimbali, mtu mmoja mmoja, kwa miaka minane. Alikuwa na miaka sabini na sita. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la saba naiweza.

Siku ikafika. Sauti alikunywa maji yake ya vuguvugu, akafuta miwani, akasogelea kipaza sauti. Aliposoma mara ya kwanza ukumbi uliangua kicheko, nami nikamwaga chai ya watu. Alingoja. Akasoma mara ya pili vilevile, bila ukali, bila kubembeleza. Wachache wakacheka, wakajikuta wako peke yao. Mara ya tatu alisoma taratibu, na ukumbi ukatulia mpaka nikasikia birika langu likitokota. Watu walikuwa wanatazamana. Mimi nilikumbuka cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, nilichokifuatilia mpaka mwenyewe akaota ndevu.

Mkuu akainuka. "Mzee, thibitisha. Nani aliwaambia mje kesho? Mtaje."

Mzee akasimama, midomo inamcheza. Fundi wa matofali si fundi wa maneno. "Ni... ni wengi, mheshimiwa."

"Wengi si jina. Nakupa dakika moja."

Dakika ikaanza kukimbia. Mzee akamtazama jirani yake kwenye benchi, jirani akatazama sakafu. Nani ataje jina la mkubwa, halafu kesho yake arudi dirishani kwake? Roho iliniuma kweli.

"Mimi ni mmoja wao, mkuu."

Ilikuwa ni Sauti, kwenye kipaza sauti, kwa sauti ileile ya kusomea majina. Alikuwa amefungua daftari la mapokezi. "Mzee huyu alileta fomu yake hapa mara kumi na moja. Mara tisa nilimwambia mimi, njoo kesho. Mara mbili nilitumwa na wewe. Tarehe zote zimo humu, nitazisoma." Akavua miwani. "Niliogopa kulisoma jina hili, baba, kwa sababu nilijua linanisema. Nisamehe."

Kisha akazisoma zote kumi na moja, siku, mwezi na mwaka. Nilisimama na sinia langu, nikajiuliza mwanamke huyu ameumbwa kwa udongo gani. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na kweli, wiki iliyofuata walimhamishia stoo, akahesabu viti vibovu mpaka siku yake ya mwisho kazini.

Mkuu alifungua daftari lake. "Uamuzi utatolewa..." akasita. Neno lililobaki kila mtu alilijua. Akalimeza, akavuta mhuri, akagonga.

Watu walishangilia, wakatawanyika. Mimi nikabaki kuokota vikombe. Mzee alikuwa bado amekaa kwenye benchi, ameshika cheti cha usajili kwa mikono miwili. Sauti akamwendea.

"Baba, imekwisha. Nenda nyumbani."

"Ahsante, mwanangu," akasema, lakini hakuinuka.

"Kuna kitu unangojea?"

Mzee akatazama mlango, akatazama cheti. "Sijui. Mtu akishamaliza shida yake humu, huwa anafanyaje?"

Sauti akamshika mkono, wakatoka pamoja.