Kona ya Sanduku la Posta

Nafasi ya kukimbia marathoni niliipata kwa bahati nasibu, na kujiandikisha kwenyewe nilijiandikisha kwa ubishi. Wenzangu wa depo ya mabasi walikuwa wakinitania tumbo, nikawaambia tutaonana barabarani. Watu waliokuwa wakiomba nafasi hiyo miaka na miaka wakakosa, nikapata mimi, dereva ninayeshinda nimekaa kwenye usukani.

Nikashusha ratiba ya mazoezi kwenye simu. Ilikuwa ratiba ya mtu mwenye nafasi zake: leo mbio fupi, kesho za kasi, mwisho wa wiki masafa marefu. Zamu zangu hubadilika kila wiki, na baridi ya Januari huku ughaibuni haikunivutia kutoka nje. Wiki za mwanzo zikapita hivyo hivyo. Nilipozinduka, nikakaa na mke wangu jikoni, nikamwonesha jinsi nitakavyofidia. Masafa marefu yote niliyarundika Februari na Machi.

"Na Ramadhani umeiweka wapi?" akauliza.

Sikuwa nimeiweka popote. Mimi mtoto wa Unguja, niliyekulia katika nyumba ambayo Shaaban ikiingia tu watu washaanza kununua tambi na sukari, nilikuwa nimepanga mbio zangu nzito juu ya mfungo mzima, kwa sababu simu haikuniambia kitu. Laiti angecheka. Aliniangalia tu, akainuka kwenda kuosha vyombo.

Basi nikaipangua ratiba. Mbio za kasi nikazifuta. Masafa marefu nikayakata nusu, na hata hiyo nusu, siku ya kwanza tu nikaona siiwezi kwa kukimbia moja kwa moja. Nikawa nakimbia kidogo, natembea kidogo, kama wanavyoshauriwa watu waliochelewa kujiandaa. Nilitoka nyumbani alasiri, baada ya zamu, nikipiga hesabu ili nirudi mlangoni wakati wa adhana. Ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili, wala sikuuonea haya. Haya zilianzia kwenye kona.

Mtaa wetu una kona yenye sanduku jekundu la posta, na kutoka dirisha la juu la nyumba yetu unaona mpaka pale. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na moja. Kufunga hakujamlazimu bado, lakini mwaka huo alikuwa ameapa kufunga mwezi mzima, na kila jioni alisimama dirishani na sahani ya tende akinisubiri. Jioni ya kwanza nilifika kwenye sanduku la posta nikijikokota, nikaona kichwa chake kwenye kioo cha juu, nikajiambia mtoto asinione hivi. Nikakimbia mpaka mlangoni.

"Baba, you ran the whole way?"

Nikatia tende mdomoni. Mtu anayefuturu hasumbuliwi na maswali.

Tangu hapo ikawa ndiyo ada. Nikikaribia kona najifuta pua, nanyoosha mgongo, halafu nafyatuka. Bibi yake alipopiga simu kutoka Unguja kumuuliza mjukuu kama amefunga, mtoto alimweleza kwanza habari za baba, anavyokimbia njia nzima bila tone la maji. Bibi anasema mashaallah, mwanangu huyo, na mimi nipo hapo hapo nakula muhogo wa nazi, kichwa kinavimba. Ningeweza kusema, "Mama, nusu ya njia natembea." Maneno machache tu hayo, na hakuna ambaye angenilaumu.

Skuli walinipigia simu siku moja mchana nikiwa mapumzikoni. Binti yangu ameanguka uwanjani kipindi cha michezo, wakaniambia, yuko macho, lakini njoo. Nilimkuta kwenye chumba cha wagonjwa, midomo imemkauka, gilasi ya maji imejaa mbele yake. Mwanamke wa ofisini alikuwa amekaa naye.

"Mwalimu alimwambia apumzike, yeye akasema anaweza," akanieleza kwa upole. "Na maji hataki kuyagusa. Anasema baba yake anakimbia bila maji."

Hakunisema vibaya, na bado sikujua uso niuweke wapi. Nilikaa kwenye kiti cha kitoto, magoti yamenifika kifuani, nikamsogezea mtoto gilasi.

"Kunywa, mwanangu. Ukiumwa, Mungu amekuruhusu."

"But you don't," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikamjibu, "Mimi mtu mzima." Akanywa huku analia, kwa sababu funga yake, ambayo hakuwa ameikosa hata siku moja, ilikuwa imevunjika. Usiku ule bibi alipopiga simu, mtoto alikataa kuishika, nikasema amechoka. Mke wangu alinitazama, na mimi nikatazama sahani yangu. Nakumbuka nilijichukia, halafu nakumbuka kesho yake nilifika kwenye sanduku la posta nikakimbia tena.

Idi ikapita, na siku ya marathoni ikafika. Miguu yangu ilikuwa imezoea nusu ya safari, na nusu ilipokwisha ikaniambia sasa basi. Watu walionizidi umri walinipita, na mmoja aliyejivika vazi la kuku ili kuchekesha watu naye akanipita. Nilitembea sana. Tulikuwa tumekubaliana na mke wangu kwamba yeye na binti yetu watasimama baada ya kona moja kubwa, mbele ya duka la dawa, na nilipoiona kona ile sikuhitaji kufikiri. Nikajifuta pua, nikanyoosha mgongo, nikafyatuka.

Hawakuwa kwenye duka la dawa. Walikuwa wamesogea nilikokuwa natokea kunitafuta, wakasimama upande huu wa kona, kabla ya kuikata, kwenye uzio, karibu kiasi cha kushikana mikono. Binti yangu alikuwa ameniona tangu mbali. Aliniona nikitembea, akaniona nikijifuta pua, akaniona nikianza.

Nikasimama. Alikuwa na kisahani cha tende mkononi, wala haikuwa Ramadhani.

"Is that what you did at our corner?" akauliza. Hakupaza sauti, na mama yake aligeuka pembeni.

"Ndiyo."

"Every day?"

"Kila siku, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu walikuwa wakipiga makofi pande zote, wengine wakisoma nambari kifuani pangu na kunihimiza, twende, twende, na kila kofi niliona kama napigwa mimi. Nikamwambia nisamehe, kwa ajili ya siku ile ya skuli. Akanyoosha kisahani juu ya uzio, nikachukua tende moja, nikaila nimesimama.

Nikaondoka kwa kutembea. Kwenye duka la dawa niligeuka, nikamwona amesogea kando ya uzio ili aendelee kuniona, basi nikazidi kutembea, taratibu, mbele ya macho yake. Nilitembea mpaka nikawa na hakika hanioni tena. Halafu nikaanza kukimbia.