Tai ya Mzee na Mkanda Niliousugua Sabuni

Aibu hii nimeikalia miaka miwili, na hata sasa nikiisimulia masikio yananiwaka moto, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko mhadithiwe na shemeji zangu, maana hao huanza kwa kucheka wakamaliza kwa kuninunia.

Baba mkwe alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Ijumaa, nyumbani kwake Dagoretti. Mama mkwe alilala kwetu Woodley, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfikisha mochari, ng'ambo ya jiji, kabla ya saa tatu, kwa sababu saa tatu jeneza lingefungwa na kanisa lao halikubali lifunguliwe tena. Alikuwa hajamwona mumewe tangu afariki. Alitaka kumfunga tai mwenyewe, kama alivyomfunga kila Jumapili tangu waoane (Mzee hakuwahi kujua kufunga tai, na hakuona haya kusema).

Sasa, gari langu lilikuwa linalia. Jumatano nikafungua boneti nikaona mkanda wa injini, ule mrefu mmoja unaozungusha kila kitu mle ndani, umepasukapasuka. Mke wangu, Wanjiru, akaniambia nimpelekee Mutua, fundi wetu. Nikamwambia nimeshatazama video kwenye simu, inatosha. Nikanunua mkanda mpya mjini bila kubeba ule wa zamani wa kulinganisha (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, mnisamehe neno hilo), nikaja kuuvisha nikakuta ni mrefu kidogo, kile kigurudumu cha kuukaza kimefika mwisho na bado umelegea. Nilipowasha, ulipiga yowe hadi jirani akachungulia. Mwenye akili angeurudisha dukani. Mimi nikakumbuka dawa ya wenye magari makuukuu, nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia nikausugua. Kimya! Nikamwita Wanjiru aje asikilize.

"Na Mutua amesema ni sawa?" akauliza.

"Mutua ni nani?" nikamjibu.

Ijumaa ilianza na mvua. Tuliondoka saa moja na nusu, Mama mbele kando yangu na tai ya buluu imekunjwa mapajani, Wanjiru nyuma na shada la maua. Ngong Road tulipita salama. Tulipoingia katikati ya jiji nikakanyaga dimbwi, na mkanda ukaanza yowe lake, usukani ukawa mzito, taa ya betri ikawaka, mshale wa joto ukapanda, nami nikajifanya sioni.

"Baba Shiru, hiyo taa nyekundu ni ya nini?" Mama akaniuliza.

"Ni kawaida tu, Mama."

Nilimdanganya mjane siku ya kumzika mumewe, jamani. Hatukumaliza hata hatua mia, injini ikazima katikati ya raundabauti, honi zikatupigia kutoka kila upande, na chini ya boneti likaanza kutoka povu jeupe. Mchuuzi mmoja wa soksi akainama akatazama.

"Buda, hii gari yako inafua nguo ama?"

Watu wakacheka, simu zikatolewa, na mimi na suti yangu nyeusi nikafungua boneti nikakuta mkanda umeruka unaning'inia. Ilikuwa saa mbili na robo.

"Wachana na gari, tuchukue teksi," Wanjiru akasema.

"Dakika mbili tu."

Dakika mbili zangu zilikuwa thelathini. Nikaungua kidole, povu na grisi vikanijaa hadi viwikoni, na Wanjiru analia kwenye simu akimwomba kaka yake awazuie watu wa mochari, na kaka yake anamwambia kuna familia nyingine mlangoni inasubiri chumba. Mama alishuka, akatia tai mkobani, akaanza kutembea mvuani. Ndipo nikaacha gari.

Teksi ilitufikisha saa tatu na robo. Jeneza lilikuwa limeshakazwa skrubu na kupakiwa. Kaka yake Wanjiru aliitazama mikono yangu.

"Wewe ni mtu wa aina gani?"

Nikaificha mikono mifukoni.

Mama hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Kule Dagoretti, kaburi lilipojazwa na msalaba ukasimikwa, alisogea akatoa ile tai, akaizungusha kwenye mti wa msalaba chini ya jina la Mzee, akaifunga polepole mbele ya watu wote, akavuta fundo likakaa katikati, kisha akalipapasa. Mchungaji alikatiza maombi akamsubiri. Nyuma yangu mtu aliuliza kwa nini, na mwingine akamjibu, "Si ni juu ya huyo mkwe wa gari."

Basi, nimeapa. Siku hizi hata taa ndogo ya gari ikiungua nampelekea Mutua, nami nasimama kando, mikono mfukoni. Jina la mkwe wa gari nimelizoea. Ila Jumapili nikisimama mbele ya kioo nifunge tai, Wanjiru hutoka chumbani.